Mjumbe wa Geneva na mkulima wa nyumbani

Mwezi Februari, 1979, mawaziri wa Kundi la Nchi 77 walikutana Arusha kujiandaa kwa kikao cha tano cha UNCTAD, yaani Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Biashara na Maendeleo, kilichofanyika Manila katikati ya mwaka huo. Mwalimu Nyerere, akizungumza nao, aliufananisha umoja wao na chama cha wafanyakazi, chama cha maskini wanaomkabili tajiri. Hakuwadanganya kwamba wanafanana. Aliwaeleza wazi kuwa hawana itikadi moja, na kwamba kinachowaunganisha ni hali yao ya kuwa tegemezi mbele ya mataifa yenye viwanda.

Ulinganisho huo ulikuwa wa haki, na miaka zaidi ya arobaini iliyopita tangu hapo haikuuharibu. Ila kila aliyepata kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi anajua kuwa mgomo hauamuliwi mkutanoni peke yake. Mwanachama hurudi nyumbani jioni. Huko kuna mke anayehesabu kilo za unga zilizobaki, kuna karo ya shule, kuna mwenye duka anayedai. Siku ya tatu au ya nne ya mgomo, maneno ya nyumbani huanza kusikika ndani ya ukumbi.

Ndivyo ilivyo kwa mataifa yanapokwenda Geneva kujadili biashara ya mazao. Imekuwa desturi kueleza kila kuvunjika kwa umoja wa nchi maskini kwa maneno mawili: usaliti na hila. Hila zipo, na baadhi yake zitatajwa hapa. Lakini mtu akitaka kuelewa kwa nini Brazil na India zilisimama bega kwa bega mwaka 2003, kisha zikaachana mwaka 2008 katika chumba kimoja na mbele ya adui yule yule, hana budi aache kidogo kutazama Geneva, atazame mashamba ya soya ya Mato Grosso na foleni za wakulima wa ngano wa Punjab wanaoiuzia serikali yao.

Kwanza yafaa ikumbukwe kilimo kilivyofika katika meza hiyo. Mkataba wa Jumla wa Ushuru na Biashara, uliojulikana kwa jina la GATT, ulitiwa saini mwaka 1947, na kwa karibu miaka arobaini kilimo kilibaki mlangoni. Marekani yenyewe, iliyokuwa ikihubiri soko huria, mwaka 1955 iliomba na kupewa ruhusa ya kutofuata masharti ya mkataba huo katika mazao iliyoyalinda. Ulaya ikajenga sera yake ya pamoja ya kilimo kuanzia mwaka 1962, ikawalipa wakulima wake hadi maghala yakafurika siagi na unga wa maziwa, kisha ikailipia ziada hiyo iuzwe ng'ambo kwa bei ambayo mkulima wa Afrika au Asia hakuweza kushindana nayo. Haya hayakufanywa kwa sababu mawaziri wa Paris au Washington walikuwa wajinga wa uchumi. Yalifanywa kwa sababu wakulima wao walikuwa wachache lakini wamejipanga, wana vyama vyenye fedha, na wana kura katika majimbo yanayoweza kuangusha serikali. Siasa za nyumbani, basi, hazikuanza kwa nchi maskini.

Mazungumzo ya Uruguay yalipoanza mwaka 1986, kilimo kiliingizwa ndani. Mwaka huo huo nchi zinazouza mazao kwa wingi bila ruzuku kubwa zilikutana katika mji wa Cairns, Australia, zikaunda kundi lao. Humo ziliketi Brazil, Argentina na Thailand pamoja na Australia na Kanada, nchi tajiri. India haikuwamo. Tofauti hiyo haikuwa ya bahati mbaya. Brazil ilikuwa tayari ina tabaka la wenye mashamba makubwa wanaolima kwa ajili ya meli. Ukuta wa ushuru ukibomolewa popote duniani, wao hupata. India ilikuwa nchi iliyotishwa na njaa katikati ya miaka ya 1960, ikalazimika kungojea meli za ngano ya msaada kutoka Marekani, na ikaapa isirudie fedheha hiyo. Ikajenga utaratibu wa serikali kununua ngano na mpunga kwa bei iliyotangazwa, kuweka katika maghala ya taifa, na kuwauzia maskini kwa bei nafuu. Kwa Mhindi wa kawaida ghala hilo ni sehemu ya uhuru wake, na kuliita kizuizi cha biashara ni kumtukana.

Kwa hiyo mpaka miaka ya 1990 mataifa hayo mawili makubwa ya Dunia ya Tatu yalikuwa katika mabenchi tofauti kuhusu chakula. Mkataba wa Kilimo uliozaliwa Marrakesh mwaka 1994 ulitungwa hasa na Marekani na Ulaya, na wengine wakaitwa kutia saini.

Likaja tukio la Agosti 2003. Shirika la Biashara Duniani, lililorithi nafasi ya GATT tangu Januari 1995, lilikuwa limeanzisha duru mpya mjini Doha mwaka 2001 na kuiita ya maendeleo. Tarehe 13 Agosti, wiki chache kabla ya mkutano wa mawaziri wa Cancún, Marekani na Umoja wa Ulaya zilitoa waraka wao wa pamoja juu ya kilimo. Kila mmoja alikuwa amemsitiri mwenzake. Ruzuku za Marekani ziliachiwa nafasi, ruzuku za Ulaya ziliachiwa nafasi, na nchi zinazoendelea zikatakiwa kufungua masoko. Ulikuwa mkataba wa Marrakesh unaotaka kurudiwa. Siku saba baadaye waraka wa kuujibu ulikuwa mezani, ukiongozwa na Brazil na India, pamoja na Argentina, China, Afrika Kusini na nyingine. Kundi hilo likaitwa G20. Tanzania nayo ikaingia humo baadaye.

Swali la kujiuliza ni hili: muuza soya na mlinda ghala walikubaliana vipi? Jibu lake limo katika siasa za ndani ya Brazil kuliko katika hotuba zozote za mshikamano. Januari 2003 Lula da Silva, fundi wa chuma na kiongozi wa wafanyakazi, alikuwa ameshika urais. Chama chake kilikuwa kimekulia pamoja na vyama vya wafanyakazi na harakati za wakulima wasio na ardhi. Lakini alirithi nchi ambayo fedha zake za kigeni zilitegemea mno mashamba makubwa, na akamteua Roberto Rodrigues, mtu aliyetoka katika ulimwengu wa kilimo kikubwa, kuwa Waziri wa Kilimo. Pembeni yake kulikuwa na wizara nyingine kabisa, ya Maendeleo ya Ardhi na Vijiji, kwa ajili ya wakulima wadogo. Nchi moja, wizara mbili za kilimo. Sensa ya kilimo ya mwaka 2006 ilionyesha sababu: mashamba ya familia yalikuwa asilimia 84 ya mashamba yote ya Brazil, lakini yalimiliki asilimia 24 tu ya ardhi iliyolimwa na kulishwa.

Wizara ya kwanza ilitaka masoko ya Ulaya yafunguliwe na ruzuku za Marekani zikatwe. Wizara ya pili ilitaka nchi zinazoendelea ziruhusiwe kulinda mazao ya wakulima wadogo. Waziri wa Mambo ya Nje, Celso Amorim, aliyatia yote mawili katika waraka mmoja. Kwa tajiri: kata ruzuku. Kwa maskini: mazao maalumu yenye kinga, na utaratibu wa dharura wa kupandisha ushuru mazao ya nje yanapoingia kwa mafuriko. Wakulima wakubwa wa Brazil walikubali kifungu hicho cha pili bila kukipenda, kwa sababu bila India hawakuwa na nguvu ya kuikabili Marekani. India nayo ilikubali kusimama na wauzaji kwa sababu bila Brazil ingeonekana mlalamikaji peke yake, inayojitetea bila kudai chochote. Ilikuwa ndoa ya busara, na ndoa za busara hudumu maadamu wazazi wa pande zote wananyamaza.

Serikali iliyokuwa Delhi wakati huo, ya muungano ulioongozwa na chama cha BJP, ilikuwa na uchaguzi mkuu mbele yake. Zaidi ya nusu ya nguvu kazi ya India ilikuwa kilimoni. Hakuna waziri wa biashara wa India, wa chama chochote, ambaye angerudi kutoka Cancún na karatasi inayofungua mlango kwa ngano yenye ruzuku, kisha akapanda jukwaani Haryana au Andhra Pradesh kuomba kura. Hata hivyo muungano huo ulishindwa katika uchaguzi wa mwaka 2004, baada ya kampeni iliyosifu India inayong'aa. Wananchi wengi wa vijijini hawakuuona mng'ao huo. Chama cha Congress kilichoingia kiliusoma ujumbe huo vizuri, na waziri wake wa biashara, Kamal Nath, akawa mgumu Geneva kuliko aliyemtangulia.

Cancún ilivunjika tarehe 14 Septemba, 2003. Inafaa kusema kweli kuwa haikuvunjikia juu ya kilimo hasa. Ilivunjikia juu ya masuala ya uwekezaji, ushindani, manunuzi ya serikali na taratibu za forodha, ambayo nchi za Afrika na nchi maskini kabisa zilikataa kuyaanza. Lakini kilichoshangaza wengi ni kwamba G20 ilifika mwisho wa mkutano ikiwa bado imesimama.

Hapo ndipo hila zilipokuja. Seneta Charles Grassley, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Seneti ya Marekani, alitangaza waziwazi kuwa angeangalia nani alifanya nini Cancún wakati wa kufikiria mikataba ya biashara na nchi moja moja. El Salvador ilitoka mapema. Katika majuma yaliyofuata zikatoka Colombia, Costa Rica, Guatemala, Peru na Ecuador. Rahisi kuziita waoga. Lakini tazama zilizotoka: karibu zote zilikuwa zinajadiliana au zinatamani kujadiliana na Marekani juu ya mikataba yao wenyewe, na nyumbani mwao walikuwamo wauzaji wa nguo, wa maua, wa mboga na wa ndizi, watu wenye sauti kubwa kwa serikali, ambao riziki yao ilipitia katika bandari za Marekani. Mkulima wa mahindi wa Guatemala hakuwa na mtu katika chumba hicho. Shinikizo la mkubwa huwa na nguvu pale linapompata mshirika ndani ya nyumba. Peru, Guatemala na Ecuador zilirudi baadaye, baada ya hesabu kubadilika.

Afrika Magharibi ilitoa mfano wa namna nyingine. Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipeleka dai lao la pamba mwaka 2003, na Rais Blaise Compaoré wa Burkina Faso alikwenda mwenyewe Geneva mwezi Juni kulieleza. Marekani ilikuwa na wakulima wa pamba wapatao 25,000, nao walikuwa wakipewa ruzuku ya mabilioni ya dola. Katika nchi zile nne pamba ilikuwa tegemeo la mamilioni. Kwa nini serikali hizo, ambazo si zote zilizokuwa mashuhuri kwa kuwasikiliza wananchi wao, zilipaza sauti kwa mkulima wa pamba? Nchini Mali jibu lilikuwa limetolewa shambani. Katika msimu wa 2000-01 wakulima wengi waligoma kulima pamba kwa sababu ya bei duni na madeni, na uzao wa taifa ukaporomoka karibu nusu. Serikali iliyoona hazina yake ikitikiswa na jembe lililoachwa kando ilipata bidii ya ghafla ya kuzungumzia ruzuku za Texas. Wakulima wenyewe walikuwa na vyama, na vyama hivyo viliwasukuma mawaziri. Umoja wa nchi hizo nne haukuvunjika miaka yote iliyofuata, na sababu mojawapo ni hiyo: kwa zao hilo, maslahi ya serikali, ya kampuni za pamba na ya mkulima yalikuwa upande mmoja.

Si kila umoja una bahati hiyo. Sukari inaonyesha kinyume chake. Brazil, pamoja na Australia na Thailand, iliushitaki Umoja wa Ulaya kwa ruzuku za sukari, ikashinda mwaka 2005. Ulaya ikalazimika kubadili utaratibu wake na kushusha bei ya ndani kwa asilimia 36 kuanzia mwaka 2006. Lakini bei ile ya juu ndiyo iliyokuwa ikilipwa kwa sukari ya Mauritius, Fiji, Guyana na nchi nyingine zilizokuwa makoloni, chini ya itifaki ya mwaka 1975. Tanzania ilikuwa nayo mgao wake katika itifaki hiyo. Kwa hiyo katika jambo moja Tanzania iliketi na Brazil ndani ya G20 ikilaani ruzuku za Ulaya, na katika jambo jingine ikaketi na Mauritius ikilalamika kuwa ruzuku hizo zinaondolewa haraka mno. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi wake jambo hili, wataona ni kichekesho. Lakini kiwanda cha sukari kina wafanyakazi, na wafanyakazi wana mbunge.

Indonesia ilikuwa na viti vitatu. Kwa sababu ya mafuta ya mawese ilikuwa katika kundi la Cairns la wauzaji. Ilikuwa katika G20. Na kwa sababu ya mchele ilikuwa mratibu wa kundi la tatu, G33, la nchi zinazotaka kulinda wakulima wadogo, ambalo humo zimo India, China, Ufilipino, Nigeria, Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1998, katika msukosuko wa fedha uliomwangusha Suharto, Shirika la Fedha la Kimataifa liliitaka Indonesia ifungue soko lake la mchele, na mchele wa nje ukaingia kwa wingi. Baada ya hapo nchi ikaanza kufanya uchaguzi wa kweli. Wanasiasa wakagundua kuwa Java imejaa wakulima wa mpunga wenye kura, na kuanzia mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku kuagiza mchele kutoka nje wakati wa mavuno. Msimamo wa Indonesia huko Geneva ulikuwa mwangwi wa marufuku hiyo.

Yote haya yalikutana katika chumba kimoja Julai 2008.

Ndugu walimu na watumishi wa umma mtakumbuka kuwa mwaka huo bei za chakula zilikuwa zimepanda ulimwenguni kote. Mawaziri wa nchi zipatazo thelathini waliitwa Geneva tarehe 21 Julai na Pascal Lamy, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Biashara Duniani, ili wamalize duru ya Doha. Kamal Nath hakuwapo siku ya ufunguzi. Vyama vya mrengo wa kushoto, vyenye wabunge wapatao 60, vilikuwa vimeondoa msaada wao kwa serikali ya Manmohan Singh kwa sababu ya mkataba wa nyuklia na Marekani, na tarehe 22 Julai Bunge lilipiga kura ya imani. Serikali ilinusurika kwa kura 275 dhidi ya 256. Baada ya hapo ndipo waziri alipopanda ndege.

Afisa yeyote aliyepata kutayarisha maelezo ya waziri anaweza kuukadiria uzito wa mkoba aliobeba mtu huyo. Serikali yake ilikuwa imepona kwa kura 19, uchaguzi mkuu ulikuwa chini ya mwaka mmoja mbele, na mwezi Februari bajeti ilikuwa imetangaza kuwafutia wakulima madeni ya rupia bilioni 600, baada ya miaka ya habari za wakulima waliojiua kwa kuelemewa na mikopo. Upinzani ulikuwa ukimngojea uwanja wa ndege.

Kifungu kilichoua mazungumzo kilikuwa kile cha kinga ya dharura. Pendekezo la Lamy lilikuwa kwamba nchi inayoendelea iweze kupandisha ushuru juu ya kiwango ilichojifunga nacho zamani pale tu uagizaji wa zao unapozidi wa kawaida kwa asilimia 40. India na wenzake wa G33 walisema mafuriko ya namna hiyo yakifika, mkulima mdogo amekwisha zama. Walitaka kinga ianze mapema zaidi, uagizaji ukizidi kwa asilimia 10. Marekani ikakataa. Nayo ilikuwa na nyumba yake: Bunge lake lilikuwa limepitisha sheria mpya ya kilimo miezi miwili tu kabla, kwa kura za kutosha kumshinda Rais Bush aliyeipinga, na hakuna mbunge wa majimbo ya mahindi na pamba ambaye angekubali ruzuku zikatwe bila kuonyeshwa soko jipya Asia. Dari ya ruzuku iliyopendekezwa kwa Marekani ilikuwa dola bilioni 14.5 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ilichokuwa ikitumia hasa wakati huo. Ilitaka kulipwa kwa kutoa kitu ambacho haikuwa nacho mkononi. Tarehe 29 Julai, Lamy alitangaza kuwa kati ya mambo ishirini, kumi na nane yalikuwa yamekaribiana, na la kumi na tisa lilishindikana.

Brazil, ndani ya chumba hicho, ilikuwa imeukubali mpango wa Lamy. Amorim alilaumiwa na wengi kwamba amewaacha wenzake, na lawama hiyo si ya bure. Hata hivyo hesabu ya Brasília ilikuwa rahisi kusomeka. Baada ya miaka mitano, wauza nyama, sukari na soya walitaka kuona faida ya subira yao. Kinga waliyoivumilia mwaka 2003 ilikuwa maneno juu ya karatasi. Mwaka 2008 ilikuwa tarakimu, na tarakimu hiyo ingeweza kufunga mlango wa Asia mbele ya soya yao. Majirani wadogo wa Brazil, Uruguay na Paraguay, walikuwa wakali zaidi dhidi ya kinga hiyo, na Thailand, mwuza mchele mkubwa, vile vile. Wale wakulima wadogo wa Brazil waliokuwa na wizara yao waliunga mkono kinga, lakini katika siku za mwisho sauti iliyofika Geneva ilikuwa ya wizara ile nyingine. China, ambayo mwaka 2003 ilisimama nyuma kidogo, safari hii ilisimama na India, baada ya Marekani kuidai isikinge pamba, sukari na mchele wake.

Tangu siku hiyo G20 ya kilimo haikupata tena nguvu ya Cancún. G33 iliendelea, kwa sababu kilichoiunganisha kilikuwa woga ule ule unaopatikana nyumbani kwa kila mwanachama wake. Lakini nayo ina nyufa.

Mwaka 2013 India ilipitisha sheria ya usalama wa chakula iliyowapa karibu theluthi mbili ya wananchi haki ya nafaka kwa bei ya chini sana. Uchaguzi ulikuwa mwaka uliofuata. Tatizo lilikuwa katika hesabu za mkataba wa Marrakesh. Serikali inaponunua nafaka kwa bei iliyotangaza, ruzuku hukadiriwa kwa kulinganisha bei hiyo na bei ya dunia ya miaka ya 1986-88, kana kwamba bei zilisimama tangu enzi hizo. Na ruzuku hiyo haitakiwi kuzidi asilimia 10 ya thamani ya uzao wa zao lenyewe kwa nchi nyingi zinazoendelea. Kwa kanuni hiyo nchi huweza kuonekana inatoa ruzuku kubwa hata pale mkulima wake analipwa chini ya bei ya soko la leo. Katika mkutano wa Bali, Desemba 2013, ikakubaliwa kuwa nchi zenye akiba za namna hiyo zisishitakiwe wakati suluhisho la kudumu likitafutwa. Katika uchaguzi wa 2014 serikali ya Congress iliangushwa na ikaingia ya Narendra Modi, ya chama pinzani kabisa. Wengi Geneva walitazamia ulaini. Julai mwaka huo serikali mpya ilikataa kuidhinisha mkataba wa taratibu za forodha mpaka suala la akiba lielezwe kwa uthabiti zaidi, na ilipewa maelezo hayo mwezi Novemba. Vyama vilibadilishana viti, wakulima walibaki wale wale.

Lakini tayari kule Bali, Pakistan ilikuwa imeonyesha wasiwasi. Ni jirani, ni nchi maskini, na inauza mchele. Kuanzia mwaka 2012 India yenyewe ilikuwa mwuza mchele mkubwa kuliko wote duniani, na wauzaji wenzake wanauliza kama mchele unaonunuliwa kwa ajili ya maskini wa Bihar hauishii katika magunia ya bandarini. Mwaka 2020 India ilitangaza kuwa imevuka asilimia 10 kwa mchele wa msimu wa 2018-19, ikawa nchi ya kwanza kutumia kinga ya Bali. Mwaka huo huo ilijaribu kubadili soko lake la kilimo kwa sheria tatu. Wakulima walipiga kambi nje ya Delhi kwa zaidi ya mwaka, na Novemba 2021 sheria zikafutwa. Mawaziri walipokutana Abu Dhabi mwishoni mwa Februari 2024, wakulima wa Punjab walikuwa tena barabarani, wakitaka bei zilizotangazwa ziwe haki kisheria, na baadhi yao wakitaka India ijitoe kabisa katika Shirika la Biashara Duniani. Uchaguzi ulikuwa wa miezi miwili mbele. Mkutano uliahirishwa bila makubaliano juu ya kilimo.

Afrika ya Mashariki haihitaji kwenda Asia kutafuta mifano. Kenya ilijipatia ndani ya COMESA ruhusa ya kuzuia sukari ya wanachama wenzake tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaomba iongezewe muda mara kadhaa, na asiyejua uzito wa kura za ukanda wa miwa wa magharibi mwa Kenya hawezi kuelewa kwa nini hakuna serikali iliyothubutu kuiachia mapema. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikamilisha kwa pamoja mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Katika miezi ya mwisho ya mwaka huo maua ya Kenya yalikuwa yametozwa ushuru Ulaya kwa kuwa mkataba ulichelewa, na wenye mashamba ya Naivasha walikuwa wamehesabu hasara yao kila wiki. Kenya haimo katika orodha ya nchi maskini kabisa. Bila mkataba maua yake hulipa. Tanzania imo katika orodha hiyo, na bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru, mkataba uwepo au usiwepo. Kilichobaki kwa Tanzania kilikuwa kufungua soko lake, na hofu ya viwanda vichanga na ya mapato ya forodha. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini. Novemba mwaka huo Bunge la Tanzania lilikataa.

Maofisa waliokuwa wameandika kurasa zile pamoja kwa miaka mingi walirudi kila mmoja kwake. Kenya iliendelea peke yake, na mkataba wake na Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai, 2024. Huko Geneva, katika vikao vya G33 juu ya kinga ya wakulima wadogo, wajumbe wa nchi hizo mbili wangali wanachama wa kundi moja.